Uyoga Aliokuwa Akiutupa Bibi

Faraja, kamwene.

Nikikuuliza hali yako nitaonekana mjinga, maana nusu saa iliyopita nimekuona kwa macho yangu hapo mlangoni ukibishana na mama yako juu ya koti. Yeye anataka refu la kufika magotini, wewe unataka fupi lililovimba kama mto wa kulalia, kwa sababu eti ndilo linalovaliwa. Nimewaacha mwende. Duka liko Auburn, leo Jumapili, treni za Jumapili mnazijua, halafu mama yako hawezi kupita pale kwa Waturuki bila kununua mkate wa moto na kusimama kunywa kile kinywaji chao cha maziwa mazito chenye mdalasini. Nina saa mbili, tatu nikibahatika. Barua hii lazima iishe kabla sijasikia ufunguo, kwa sababu nikikuona usoni sitaandika tena. Nitaanza kukutania, na kesho asubuhi utapanda treni ya Canberra ukiwa na utani wangu tu.

Ya kawaida siyaandiki. Mama yako ameshakujazia karatasi mbili mbele na nyuma: kadi ya benki, chanjo, kusali, kutolala na nywele mbichi. Akiagiza yeye hakibaki kitu. Mimi nimebakiwa na kimoja tu, na herufi zake zinaparua kama kuku. Usiucheke mwandiko. Niliishia kidato cha pili, na nilishakueleza kwamba walimu ndio waliochoka kwanza.

Faraja, baba yako hajui uyoga.

Soma tena hapo juu. Najua unangoja mahali pa kucheka. Hakuna.

Siku ya usaili wako nilikuwa nimekaa sebuleni, wewe chumbani umeweka simu kwenye spika. Nikamsikia mpishi mkuu akiuliza kwa nini akuchukue wewe kujifunza kazi jikoni kwake, awaache vijana waliotangulia. Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha puani kwamba baba yako amekulia msituni na alikufundisha uyoga tangu ukiwa mdogo. Mgahawa wenyewe unajisifu kwa kupika vitu vya kuokotwa porini. Yule bwana akacheka, akasema basi wewe ndiye utakayekuwa unatoka na kikapu msimu huu.

Niliruka kwenye kochi kama timu yangu imefunga. Mama yako hakuruka. Alikuwa anakunja nguo. Akaikunja fulana ileile mara tatu, akaniangalia.

"Utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Lini, Baba Faraja?"

"Wikiendi."

Siku hiyo mti wa jirani ulikuwa bado wa kijani. Sasa hivi nauona dirishani hapa, umebaki vijiti. Wikiendi zimepita ngapi, hesabu mwenyewe.

Sasa nianze na bibi yangu, maana uongo wangu wote unaanzia kwenye ungo wake.

Kule kwetu Mafinga, miezi hii ndiyo ya uyoga na ulanzi. Mvua inanyesha, mianzi inatoa utomvu, wazee wanakunywa na kuimba, na wanawake wanaingia msituni alfajiri. Wanawake, umenisikia. Sisi wavulana tulifuatana nao kwa sababu ya ushamba wa kupenda kusifiwa. Nilikuwa na kasi. Wenzangu wakijaza kibakuli, mimi nimejaza kikapu. Nikifika nyumbani nakimwaga mbele ya bibi kwenye ungo, nasimama kando mikono kiunoni, nangoja kusifiwa.

Bibi hakusifu. Alikaa chini akawa anageuza mmoja mmoja, anatazama chini ya mwavuli wake, ananusa shina, anakwangua kwa ukucha. Huu anaweka. Huu anarusha nyuma ya bega lake kwenye migomba. Hakuwahi kusema kwa nini. Kikapu kizima kilibaki nusu, siku nyingine robo. Mimi nilikasirika, nikaona mwanamke huyu anaharibu kazi yangu, nikaondoka kwenda kucheza mpira. Miaka yote ile, Faraja, sikukaa hata siku moja nikamuuliza kwa nini ule umetupwa. Nilijifunza kuchuma. Elimu ilikuwa kwenye kutupa, na mimi wakati huo nilikuwa uwanjani.

Mjini nikawa nasema nimelelewa na uyoga. Ukishasema kitu mara kumi mbele ya watu wanaocheka, unakiamini. Nikaja huku nikiwa mzigo wa mama yako, yeye mwenye viza ya kusomea uuguzi, mimi mwenye sanduku lake la pili, na wewe mgongoni. Nikapata kazi kwenye ghala la Lidcombe, kupanga maboksi. Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Ulikuwa na miaka mitano. Msimu kama huu. Unajua watu wa mji huu wanavyokuwa baridi ikianza: asubuhi mtu kavaa bukta na kandambili, shingoni kajifunga skafu ya timu yake ya mpira, mkononi kahawa, anakuambia hali ya hewa safi. Na mezani kwetu saa ya chakula kila mtu akawa ameleta msimu wa kwao. Mama mmoja wa Kikorea, mbandika lebo, alileta yale matunda ya rangi ya chungwa aliyoyakausha kwa kuyaning'iniza kwenye uzi barazani kwake. Msimamizi wetu Mlebanoni alichoma njugu zile kubwa za maganda kwenye jiko la gesi, ghala zima likanukia. Kijana wa Kivietinamu na chupa yake ya supu. Wote wakawa wanaeleza kwao majani yakidondoka wanakula nini. Mimi nina mkate na jamu.

Nikaona aibu. Na mimi nikiona aibu unajua mdomo unavyofanya kazi. Nikawaambia ninyi nyote mmegeuza kalenda. Kwenu miezi hii ni ya maua, msimu wenu mmeubeba kwenye ndege mkaja kuupachika huku kichwa chini. Mimi peke yangu hapa niko kwenye mwezi wangu. Kwetu sasa hivi wanakula uyoga, na Jumatatu nitawaletea mjue chakula ni nini.

Wakapiga meza kwa kucheka. Nikajiona mfalme.

Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nyuma ya ghala, kwenye nyasi kando ya uzio, nikaukuta. Miavuli mikubwa kama sahani, myeupe yenye magamba ya kahawia, shingoni ina pete. Faraja, nilipiga magoti. Niliona Mafinga pale. Chini ya mwavuli rangi yake ilikuwa inaelekea ukijani, nikasema ni nyasi zimeuchafua. Nikaona mwingine umeng'atwa na wadudu, nikasema basi, mdudu amekula, na mimi nile.

Bahati alinikuta najaza mfuko. Unamjua, yule Mkongo wa Uvira anayekuletea samaki wa kukaushwa kila Krismasi, siku hizo ndiye alikuwa anaendesha foklifti. Akazima mashine, akashuka.

"Baba Faraja, ile buyoga nani alikuambia ni ya kula?"

"Macho yangu."

"Macho yako ilisoma wapi?"

"Mafinga, shahada ya kwanza."

"Kwetu hata buyoga tunajua, tunapelekea mama kwanza aangalie. Wewe huku unapelekea nani?"

"Ninyi Wakongo mnaogopa hata mchicha."

Hakucheka. Akasema, "Mi sikukimbia vita nije nikufe na mboga," akapanda foklifti yake akaondoka. Nilimcheka mpaka kituo cha treni.

Jumapili mama yako alikuwa kazini, zamu ya kutwa kwenye nyumba ya wazee. Niliumenya, ngozi ikatoka vizuri, nikajipongeza. Nikatupia kipande cha kitunguu kwenye sufuria, kikabaki cheupe, dalili eti hakuna sumu, nikajipongeza tena. Nikaunga kwa karanga kama bibi. Nilikupakulia wewe kwanza kwa sababu ulikuwa unalia njaa, mimi nikasema nitakula na mama yako akirudi, na utakaobaki utaenda kazini kesho. Ulilamba sahani. Ukaniambia, "Mo, Dedi." Nikakuongeza.

Sehemu hiyo unaijua. Nimekusimulia mara mia, mbele ya wageni, nikiigiza sauti yako. "Mo, Dedi." Inayofuata huijui, kwa sababu mimi huwa naikata hapo.

Baada ya saa mbili ulianza kutapika. Nikasema umeshiba sana. Ukatapika tena, kisha ikaanza na kule kwingine, kisha ikawa maji matupu, kisha ikawa na damu. Ulikuwa unaniangalia kila ukipumzika, kama unaniuliza nitafanya nini. Nilikupeleka hospitali kwa teksi. Kabla ya kuja teksi nilifanya jambo moja. Nilichukua mabaki ya sufuria na maganda yote, nikafunga kwenye gazeti, nikatupa kwenye pipa la nje. Mtoto wangu anatapika damu na mimi naosha sufuria. Naiandika ili iwepo mahali.

Daktari, binti mdogo tu, akaniuliza, "Amekula nini leo?"

"Wali na kuku."

"Kuna kingine chochote?"

"Hakuna."

Unataka kujua kwa nini. Kazini nilikuwa nimesikia kwamba huku mzazi mzembe ananyang'anywa mtoto. Sikujua kama ni kweli, sikuuliza, mimi siulizi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ndogo na ina aibu zaidi: nilikuwa namuona Bahati akisikia. Nilikaa pale saa mbili nikiwaacha watafute ugonjwa ambao jina lake nilikuwa nalo mdomoni. Walikuchoma sindano za kutafuta. Ulikuwa huna hata nguvu ya kulia.

Mama yako akafika na sare yake ya kazi. Akakushika kipaji, akaangalia chupa ya maji ya mshipa, akasoma karatasi. Kisha akaja kwangu. Akachukua mkono wangu wa kulia, akaunusa.

"Baba Faraja, mtoto amekula nini?"

"Wali na kuku."

Akasema taratibu kabisa, "Nyumba yetu haina kuku tangu Jumatano."

Nikamwambia. Hakunipiga kelele. Alinigeuzia mgongo akamwambia daktari yote kwa sentensi mbili, na yule binti akabadilika uso, akatoka mbio. Wakataka masalia. Mama yako akampigia Bahati kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na nyumba, na Bahati, mtu niliyemcheka mpaka kituoni, akaingia kichwa chini kwenye pipa letu, akafungua gazeti, akayaleta kwa treni ndani ya kopo la siagi. Alinikabidhi, akaenda kumsalimu mama yako. Ningependa naye angenicheka.

Wakapiga picha, wakazituma kwa wajuzi. Jibu likaja kwamba huenda ni ule mbaya wa tumbo, si ule wa kuua, lakini vipande vimepikwa, vimechanganyika, hawawezi kuapa. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana hiki ndicho kilichonifanya nikae mezani leo. Daktari alitueleza kuhusu ule wa kuua. Alisema mtu anaula, unamtapisha, halafu siku ya pili anapata nafuu. Anakaa, anacheka, anaomba chakula. Watu wa nyumbani wanashukuru Mungu. Na wakati huohuo ini lake linakufa humo ndani.

Siku ya pili ukakaa kitandani. Ukacheka kitu kwenye televisheni. Ukaomba chipsi.

Mama yako akatoka nje ya chumba. Mimi nilibaki nikikulisha chipsi, moja moja, na kila ulipocheka niliogopa zaidi. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada. Ungetapika ningefurahi. Siku tatu walikuwa wanakutoa damu kuangalia ini, asubuhi na jioni, na mimi nikasikiliza viatu vya daktari kwenye korido nikijaribu kujua kwa mlio wake kama anakuja na habari mbaya. Siku ya tatu alikuja akitabasamu. Tukakurudisha nyumbani kwa treni. Uliuliza kwa nini baba analia, mama yako akakuambia ana mafua.

Yeye ndiye aliyenificha. Wageni walipouliza alisema tumbo tu, watoto bwana. Alidhani anaisitiri aibu ya mumewe. Mimi nikaichukua sitara hiyo nikaishonea vazi. Mwaka uliofuata nikaanza "Mo, Dedi". Mwaka wa tatu ukaniomba nikufundishe, nikakufundisha hapo jikoni kwa uyoga wa dukani, tena kwa madaha: mdudu akila nawe kula, ngozi ikimenyeka ni salama, kitunguu kikibaki cheupe pika. Ukayashika yote matatu kama Baba Yetu. Mimi nilijua. Yote matatu niliyafuata siku ile, na yote matatu yalinipitisha.

Kila mwaka majani yakianza kudondoka uliniomba twende milimani kwenye misonobari, wanakokwenda Waitalia na Wapolandi na vikapu vyao. Mara goti langu, mara gari lina mlio. Ulifikiri nimekuwa mvivu. Sikuwa mvivu, mama. Nilikuwa naogopa nyasi.

Na sasa wewe unaenda Canberra. Juzi umenionyesha picha ya mtaa utakaokaa, ukaniambia, "Tazama, Dedi, pazuri." Pazuri kweli. Mialoni mistari miwili, majani ya dhahabu mpaka chini. Nimesoma kwenye simu, taratibu, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, nikarudia mara nne. Ule wa kuua, katika nchi hii, unapenda mizizi ya mialoni. Unatoka msimu huu, baada ya mvua. Katika mji huohuo. Wanasema una sura nzuri na hata ladha yake ni tamu. Ngozi yake inamenyeka. Wadudu wanaula.

Tangu nisome hivyo nikifumba macho nakuona umepiga magoti chini ya mti huo na kikapu, unamwambia mwenzako kwa sauti yangu, kwa majigambo yangu, usiogope, baba yangu alinifundisha. Halafu mnapikia watu.

Basi sikia. Kesho ukifika, kabla hujafunga aproni, mwambie yule mpishi kwamba ulichosema kwenye usaili ulikiamini, na kwamba aliyekudanganya ni baba yako. Mwambie hujui uyoga hata mmoja, unataka kukaa na anayejua. Usitoke na kikapu. Toka na mtu, na ukitoka naye usimtazame anapochuma. Mtazame anapotupa, umuulize kila mmoja kwa nini, hata akikuona msumbufu. Akisema huna kazi, rudi nyumbani, chumba chako hakina mpangaji. Akitaka kunitukana, namba yangu mpe. Nimezoea.

Naogopa mawili, nikuambie ukweli. La kwanza ni hilo la mialoni. La pili ni jinsi utakavyoniangalia kesho asubuhi. Nimezoea kuangaliwa kama mtu mkubwa, Faraja, na ni wewe tu uliyekuwa unaniangalia hivyo. Nimepima haya mawili hapa mezani, na hili la pili nimeamua kulivumilia.

Juu ya kabati la nguo kuna kikapu. Nilikununulia siku ileile ya usaili, jioni yake, majigambo yakiwa bado hayajapoa. Nimekishusha sasa hivi. Nimekiwekea njugu za kuchoma, matunda yaliyokaushwa ya mama yule wa Kikorea, ambaye bado ananiletea kila mwaka na hajawahi kuniuliza uyoga wake uliishia wapi, na mikate yenu ya Kituruki nitaijazia mkirudi. Vyote vina wenyewe wanaovijua. Hii barua inakwenda chini kabisa, utaikuta ukifika kwenye njugu za mwisho.

Hapana. Nimejisoma hapo na nimejiona. Hiyo ni kuificha tena kwenye gazeti. Njugu za mwisho unaweza kuzifikia baada ya wiki, na mvua imenyesha jana.

Ufunguo huo mlangoni. Nawasikia, mmenunua fupi, maana mama yako analalamika ngazi nzima. Naacha kuandika. Barua nitakupa mkononi, ukiwa hata hujavua koti, na nitakaa hapahapa mezani mpaka uimalize, nisiseme utani hata mmoja.

Baba yako, fundi wa kila kitu isipokuwa uyoga.